UKWE NI NEEMA YA MWENYEZI MUNGU

Khutba ya Kwanza

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa mbingu na ardhi, aliyemwumba mwanadamu kutokana na maji, kisha akamjaalia kuwa na jamaa wa damu na jamaa wa ukwe. Tunamshukuru kwa neema zake, tunamwomba msaada na msamaha, na tunajikinga kwake na shari ya nafsi zetu na ubaya wa matendo yetu. Tunashuhudia kwamba hapana mola apasaye kuabudiwa ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, na jamaa zake, na masahaba wake, na wote waliowafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baad. Ndugu Waislamu, ninyi mliohudhuria msikitini na ninyi mnaotusikiliza majumbani kwa njia ya redio, tunaziusia nafsi zetu na tunakuusieni ninyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Maana hakuna akiba bora kuliko ucha-Mungu, na hakuna nasaba iliyo na heshima mbele ya Mola wetu kuipita hiyo.

Ndugu zetu katika imani, leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya ndoa zinazounganisha watu wa kabila mbili zenye desturi mbali mbali. Jambo hili limetujia kwa sababu ya harusi moja tuliyoalikwa katika kata ya Lionja, wilaya ya Nachingwea, mkoa wa Lindi. Majina ya wahusika hatutayataja, kwani siri za nyumba ni amana. Lakini yaliyotokea pale yana mafunzo kwa kila mzazi na kila kijana, na miongoni mwake limo kosa letu sisi wenyewe, ambalo hatutalificha.

Bwana harusi alikuwa kijana wa Kimwera, mwana wa wakulima wa korosho, ufuta na mbaazi. Bibi harusi alikuwa binti wa Kisukuma, mtoto wa mfugaji. Mnakumbuka kwamba mwaka 2006 Serikali iliamua kuwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, mkoani Mbeya, na wengi katika wao wakaelekezwa kuja na mifugo yao huku mkoani Lindi. Ndivyo watu waliozaliwa mbali na pwani walivyopata kuwa majirani wa watu wa Nachingwea na Ruangwa. Na ujirani huo haukuwa mwepesi. Mkulima huamka akakuta shamba lake limelishwa, na mfugaji naye huona njia ya kwenda majini imezibwa. Maneno mazito yametamkwa pande zote mbili.

Wala ardhi hii si ngeni kwa wageni. Ulipoanzishwa mpango wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ilipokea vibarua wa makabila mengi, na reli ikajengwa kutoka bandari ya Mtwara. Mpango ule ulivunjika mwaka 1951, na reli nayo ikang'olewa baadaye, lakini walikuwapo vibarua waliobaki, wakaoa na kuozesha. Baada ya hapo, wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa na kambi yao Nachingwea mpaka Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Kwa hiyo mzee wa Nachingwea anayesema kwamba hajapata kuona mkwe wa mbali, hajafikiri vizuri.

Basi, ndugu Waislamu, yule binti alikuwa amesilimu. Hakusilimu kwa ajili ya posa. Alikuwa akihudhuria darasa la akina mama kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mshenga yeyote kupeleka neno. Hata hivyo tulimwita, pamoja na mwalimu wake, tukamwuliza kama kuna mtu aliyemshurutisha, kwani Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Sura ya 2, aya ya 256, kwamba hapana kulazimishana katika dini. Akajibu kwa maneno machache na ya wazi kwamba ameijua njia yake. Tukamwuliza pia kama anamtaka kijana huyu. Akasema ndiyo, na hakuinamisha uso.

Tunaomba wazazi walisikie hilo. Mtume (S.A.W.) aliletewa shauri la Khansaa binti Khidaam, aliyeozwa na baba yake hali ya kuwa hataki, naye akaivunja ndoa ile. Na Sheria ya Ndoa ya nchi yetu, ya mwaka 1971, nayo haiitambui ndoa isiyokuwa na ridhaa ya hiari ya wote wawili. Dini na sheria zimekutana hapo.

Sasa tuje kwenye baraza la ukoo. Siku tatu kabla ya nikahi, jamaa wa kijana walikusanyika uani kwa mama yake. Alikuwapo baba, walikuwapo mama wakubwa na mama wadogo, na alikuwapo mjomba wake mkubwa, ambaye kwa desturi ya Wamwera, kama ilivyo kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde, ndiye mwenye neno katika mambo ya wapwa zake. Sisi tuliitwa ili tuieleze sheria. Yakaulizwa maswali matatu.

Swali la kwanza lilitoka kwa baba. Alisema: "Shehe, baba wa binti si Mwislamu. Je, nani atakayemwoza?" Tukajibu kama vitabu vya fikihi vinavyofundisha, kwamba asiye Mwislamu hawi walii wa Mwislamu, na kwamba mwanamke asiye na walii katika jamaa zake Waislamu, walii wake ni kadhi au mwenye kushika nafasi yake. Jibu hilo ni sahihi. Lakini, ndugu zetu, ulimi wetu haukutosheka na jibu sahihi. Tukaongeza kusema: "Yule mzee hana neno katika ndoa hii."

Maneno yana miguu. Kabla ya jua kuchwa, maneno yetu yalikwisha kuvuka kijiji na kufika kwenye boma la yule mfugaji. Aliambiwa kwamba shehe amesema yeye hana neno juu ya mtoto wake wa kumzaa. Mzee yule akanyamaza. Kesho yake wajumbe waliokwenda kumwalika walimkuta ameketi na fimbo yake, akawaambia kwamba mtu asiye na neno hana haja ya kwenda mahali palipo na maneno.

Ndugu Waislamu, hapo ndipo tulipojua kwamba tumekosea. Hatukukosea katika hukumu, tulikosea katika adabu. Sheria imemwondolea mzee yule kazi moja tu, kazi ya kutamka ijabu. Haikumwondolea ubaba. Mwenyezi Mungu amesema katika Sura ya 31, aya ya 15, kwamba wazazi wakimshurutisha mtoto kumshirikisha Mungu, asiwatii katika hilo, lakini akae nao duniani kwa wema. Tazameni jinsi aya hiyo inavyoagiza wema hata kwa mzazi anayepigana na imani ya mwanawe. Itakuwaje kwa mzazi ambaye hakupigana na mtu, ambaye alimwachia binti yake kwenda darasani, na kosa lake ni kwamba hakuulizwa?

Na kumbukeni habari za Asmaa binti Abubakari (R.A.). Mama yake alikuja kumzuru Madina, hali ya kuwa mama huyo bado ni mshirikina. Asmaa akaona shaka, akamwuliza Mtume (S.A.W.) kama aunge udugu na mama yake. Mtume akamwamuru aunge. Na katika Sura ya 60, aya ya 8, Mola wetu hakutukataza kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa sababu ya dini wala hawakututoa majumbani mwetu.

Tena upo mfano ulio karibu zaidi na shauri letu, nao ulitokea katika bara hili hili la Afrika. Bibi Ummu Habiba (R.A.), binti wa Abu Sufiani, alihama kwenda Uhabeshi pamoja na Waislamu wa mwanzo. Mumewe akafa huko ugenini. Mtume (S.A.W.) akapeleka posa yake kwa Najashi, mfalme wa Uhabeshi. Baba yake Ummu Habiba wakati huo hakuwa Mwislamu, bali alikuwa kiongozi wa maadui wa Waislamu. Je, ndoa ilizuilika? Haikuzuilika. Bibi yule alimwakilisha Khalid bin Said, jamaa wa ukoo wake aliye Mwislamu. Najashi akatoa mahari kwa niaba ya Mtume, na wapokezi wengi wametaja dinari 400. Kisha akawazuia watu wasiondoke mpaka wamekula chakula cha harusi. Na wanaeleza wanachuoni wa sira kwamba Abu Sufiani alipopata habari huko Makka, pamoja na uadui wake wote, hakumtukana mkwewe bali alimsifu. Baadhi ya wafasiri wakasema kwamba ndoa hiyo ni katika yale yanayoelekezwa na aya ya 7 ya Sura ya 60, pale Mwenyezi Mungu alipowatumainisha waumini kwamba huenda akatia mapenzi baina yao na wale waliokuwa maadui wao. Miaka haikupita mingi, Abu Sufiani naye akasilimu, mwaka wa 8 wa Hijra.

Tuliyakumbuka hayo usiku ule, na asubuhi tukaondoka kwa miguu na mzee mmoja wa msikiti, tukaenda bomani. Hatukwenda kumfundisha sheria. Tulimwambia: "Mzee, tumekuja kuomba radhi. Tulisema neno lisilostahili. Wewe ndiwe baba, na harusi isiyo na wewe itakuwa na upungufu." Alitutazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza mambo mawili. La kwanza: "Je, nikifa, mtoto wangu ataruhusiwa kuja kunizika?" La pili: "Je, akizaa, wajukuu wangu watanijua?"

Tunakuambieni kweli, ndugu wasikilizaji, maswali hayo mawili yalitutia haya. Sisi tulikuwa tumeshughulika na nani atakayetamka, na yule mzee alikuwa akihofia kumpoteza mtoto. Tukamjibu kwamba binti yake atakuja kumtazama akiwa hai, atamwuguza akiugua, na siku ya kifo atakuwapo, ingawa ibada yake itakuwa ni ya dini yake. Tukamweleza pia kwamba Mwislamu na asiye Mwislamu hawarithiani, lakini zawadi wakati wa uhai haikukatazwa, na wasia katika theluthi ya mali haukukatazwa. Na kuhusu wajukuu, tukamwambia kwamba jibu lake litatolewa hadharani mbele ya wajomba wa kijana. Akasema: "Nitakuja."

Swali la pili la baraza lilikuwa la mahari. Wasukuma ni watu wa ng'ombe, na kwao ng'ombe wa mahari ndio wanaowapeleka watoto katika ukoo wa baba. Wamwera nao mahari yao ya zamani yalikuwa madogo, kwa kuwa watoto walihesabiwa kwa mama, na mume mara nyingi alihamia kwa wakwe zake akalima nao. Basi upande mmoja uliona kwamba kuombwa kundi la ng'ombe ni kuuziwa mtu, na upande wa pili uliona kwamba kutoa kitu kidogo ni kumdharau binti. Kila mmoja alikuwa mkweli kwa desturi yake.

Uislamu umelikata shauri hili kwa hukumu iliyo nyepesi. Sura ya 4, aya ya 4, inawaamrisha waume wawape wanawake mahari yao kuwa ni kipawa. Angalieni, imetajwa kwamba wapewe wanawake. Mahari si ya baba, si ya mjomba, si ya ukoo. Ni mali ya bibi harusi peke yake. Kiasi chake hakikuwekwa. Imamu Ali (R.A.) alimwoa Bibi Fatima (R.A.) kwa deraya yake ya vita, na Mtume (S.A.W.) alimwambia sahaba mmoja maskini atafute japo pete ya chuma, na alipokosa, akamwoza kwa sura za Qurani alizozihifadhi. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeeleza kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu ya kutotimizwa desturi za mahari au zawadi.

Basi aliulizwa mwenyewe bibi harusi anataka nini. Akasema anataka mitamba wawili, wawe wake. Jibu hilo liliwafurahisha wote. Jamaa wa kijana waliuza sehemu ya mbaazi zao wakanunua mitamba wawili, na katika karatasi ya makubaliano pakaandikwa kwamba ng'ombe hao na uzao wao ni mali ya mke. Baba yake akaona kwamba binti yake hakutolewa bure, na mjomba akaona kwamba mpwa wake hakununua mtu. Nje ya hayo, kijana akampelekea mkwewe shuka na jembe kuwa zawadi ya mapenzi, isiyokuwa sharti wala deni.

Swali la tatu ndilo lililokuwa zito kuliko yote, na liliulizwa na mjomba. Alisema: "Kwetu sisi mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwao wao mtoto ni wa ukoo wa baba. Huyu mama ni Msukuma na huyu baba ni Mmwera. Sisi tutasema watoto ni wa Wasukuma, na Wasukuma watasema watoto ni wa Wamwera. Je, watoto hawa watakuwa wa nani?"

Watu walinyamaza. Swali lile halikuwa la mzaha. Mtoto ambaye kila upande unamhesabu kuwa ni wa upande wa pili, nani atakayemlipia ada ya shule? Nani atakayesimama siku ya posa yake? Nani atakayemlea wazazi wakifa?

Tukajibu kwamba Mwenyezi Mungu hakuwaacha watoto hao bila ya kwao. Katika Sura ya 33, aya ya 5, ameamuru watu waitwe kwa majina ya baba zao. Kwa hiyo nasaba ni ya baba, na katika Sura ya 2, aya ya 233, chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha ni juu ya baba. Hiyo ni haki ya mtoto, hawezi mtu kuikwepa kwa kisingizio cha mila. Kijana wetu hawezi kusema kesho kwamba watoto wawatazamie wajomba zao.

Lakini msidhani kwamba dini imewafuta watu wa upande wa mama. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mtoto wa dada wa kaumu ni mmoja wao. Amefundisha kwamba mama mdogo na mama mkubwa wana daraja ya mama. Na siku moja alipokuja sahaba Saad bin Abi Waqqas (R.A.), ambaye alikuwa wa kabila la Bibi Amina, mama yake Mtume, alimwonyesha kwa watu akajifaharisha kwamba huyu ni mjomba wake. Enyi wajomba wa kusini, heshima yenu imo katika sunna. Kilichoondolewa ni kule kumfanya baba awe mgeni nyumbani mwake. Wema wa mjomba kwa mpwa haukuondolewa.

Basi tukasema mbele ya wote kwamba watoto wa ndoa hii nasaba yao ni ya baba yao, na kwa wajomba zao wa Kisukuma ni wana wao, na babu yao mfugaji ni babu yao. Hawakukosa ukoo. Wamepata koo mbili.

Mjomba aliinamisha kichwa, kisha akasema jambo ambalo wengi walikuwa wakilijua na hakuna aliyelitaja. Alisema: "Ng'ombe wa mzee huyu waliingia katika ufuta wangu mwaka jana. Mimi nitakula vipi naye sahani moja?" Naam, ndugu Waislamu, huo ndio ukweli wa maisha. Harusi haifuti haki ya mtu. Hatukumwambia asamehe kwa kuwa eti sasa ni wakwe. Msamaha ni wake, akitaka hutoa, asipotaka ana haki ya kulipwa. Tulimwomba jambo moja tu, asilichanganye shauri la shamba na shauri la nikahi. Akakubali.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe kusema kweli na kuitenda kwa adabu. Tunasema haya, na tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yetu na kwa ajili yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

Khutba ya Pili

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu Waislamu, siku ya harusi ilifika. Mzee mfugaji alikuja na wanawe na wake za wanawe, akiongoza dume moja la ng'ombe kuwa mchango wake. Mwislamu alilichinja kwa jina la Mwenyezi Mungu, kama ilivyo desturi njema ya nchi yetu katika shughuli za watu wa dini mbali mbali, ili kila mmoja ale bila ya shaka. Pombe haikuwapo, na wageni walikuwa wameelezwa mapema kwa upole, wala hakuna aliyeaibishwa. Ngoma zilipigwa baada ya Alasiri kwa stara, wanawake wa pande zote mbili wakafundishana nyimbo zao.

Nikahi ilipofungwa, mzee yule alikuwa ameketi safu ya mbele, karibu na baba wa kijana. Kiti kile alikitoa mjomba, akaketi yeye kwenye mkeka. Shehe mwenye leseni ya kufungisha ndoa alitamka kwa uwakilishi, kijana akaitikia, mashahidi wakasikia, na cheti kikaandikwa. Kisha tukamwomba mzee aseme neno. Alisimama akasema kwa Kiswahili chake cha bara: "Mimi sikujua kusali kwenu. Lakini nimesikia mkisema mbele ya watu kwamba wajukuu ni wangu. Basi mimi nami ninasema mbele ya watu kwamba kijana huyu ni mwanangu." Akaketi. Hapakuwa na khutba iliyozidi ile siku hiyo.

Na lile shauri la ufuta? Lilipelekwa baraza la kijiji wiki mbili baada ya harusi. Mzee alikiri, akakubali kulipa kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza limelipwa. La pili bado, na mjomba hasiti kumkumbusha kila wanapokutana, lakini sasa humkumbusha baada ya salamu na kuulizana hali.

Basi, ndugu zetu, yatupasa tushike mambo manne.

Kwanza, wazazi wasimkatae mchumba kwa sababu ya kabila. Mtume (S.A.W.) ametuagiza kwamba akitujia ambaye tumeridhia dini yake na tabia yake, tumwoze, na asipoozwa itakuwa fitina na ufisadi katika nchi. Alimshauri Fatima binti Qais, mwanamke wa Kikureshi, aolewe na Usama, mwana wa Zaid aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru. Mwanzo hakupenda, kisha akakubali, akaona heri nyingi. Katika Sura ya 49, aya ya 13, tumeambiwa kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Hatukuambiwa kwamba ni ili tupimane bei.

Pili, vijana wasiifanye shahada kuwa tiketi ya harusi. Anayesilimu ulimini tu ili apate mke au mume, anajidhulumu nafsi yake, na anayemshinikiza mwenziwe kusilimu anabeba dhambi ya shinikizo. Mpeni mtu muda wa kujifunza. Imani ina mwendo wake.

Tatu, walima uwe wa kadiri. Mtume (S.A.W.) alimwambia Abdurahmani bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Na alikihesabu kuwa kiovu kile chakula cha harusi wanachoalikwa matajiri na kuachwa maskini. Kuna nyumba hukopa fedha za korosho ambazo bado hazijavunwa, wakalisha watu siku moja na kufunga mkaja mwaka mzima. Hiyo siyo furaha, ni deni lililovikwa nguo mpya.

Nne, na hili tunajiambia sisi masheikhe kabla ya wengine: tukiulizwa hukumu, tuitoe bila ya kuongeza kiburi chetu juu yake. Hukumu ya Mwenyezi Mungu ni rehema. Mara nyingi kinachowakimbiza watu si sheria, bali ni ulimi wa anayeisoma.

Enyi akina mama mnaotusikiliza majumbani, ninyi ndio mtakaompokea mkwe mgeni jikoni. Mfundisheni bila ya kumcheka, naye mwacheni apike cha kwao siku moja. Enyi wanafunzi, mnaosoma pamoja na vijana wa kila mkoa, jifunzeni desturi za wenzenu kabla ya kuzihukumu.

Ewe Mwenyezi Mungu, wabariki maharusi wote na uwakusanye katika heri. Ewe Mola wetu, tia mapenzi baina ya wakulima na wafugaji, uwape hawa mvua na wale malisho, na uwaepushe na dhulma. Waongoze jamaa zetu wasiokuwa katika dini yetu, utupe sisi tabia njema itakayowavutia. Wasamehe wazazi wetu walio hai na waliotangulia, na uwafanye watoto wetu kuwa kitulizo cha macho yetu. Utupe wema duniani na wema akhera, na utukinge na adhabu ya Moto.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, Mola wenu anaamrisha uadilifu, na hisani, na kuwapa jamaa haki zao. Simameni mkaswali, na mkitoka hapa, anayedaiwa radhi na mkwewe akaitafute leo.